Sumaku Mfukoni

Msabila amekiosha kigari tangu alfajiri,
amekipaka mafuta hadi kwenye matairi,
kinang'aa uani kwake Isevya kama mtoto wa Idi.
"Starlet ya mwalimu mmoja wa kike," anasema,
"haijatoka mjini ila kwenda Sikonge, harusini."
Sikumjibu.
Mimi seremala, mwaka wa ishirini na sita huu.
Mlango nauuliza kwanza, mwenyewe baadaye.

Nikafungua wa dereva, nikauachia.
Pu.
Sauti fupi, nzito, ya mtu aliyeshiba.
Nikafungua wa nyuma, kushoto.
Kacha, kisha kitu ndani kikatetema
kama kijiko kilichosahauliwa kwenye birika.

"Huo unataka grisi tu."

Bawaba ikitaka grisi hulia, haigongi meno.
Nikachuchumaa, jicho moja nikalifumba,
nikautazama mwanya kati ya mlango na nguzo:
juu, ukucha haupenyi;
chini, kinapita kidole kizima na pete yake.
Kiwandani hawakosei hivyo.
Hukosea hivyo mtu anayesubiriwa.

Kuna mambo mkono huyajua kabla ya kichwa.
Nikapitisha kiganja ubavuni, taratibu,
kama ninavyopapasa mninga baada ya randa,
na pale juu ya gurudumu bati likapanda
unene wa karatasi,
likashuka.
Nikatoa sumaku, niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya mke wangu.
Mlango wa mbele, ta.
Boneti, ta.
Ubavu wa kushoto ikateleza,
ikaangukia vumbini bila aibu.

Ndani ya buti jeki imelala mahali pake,
haijawahi kufanya kazi, hilo ni kweli.
Lakini harufu: maji yaliyokaa masika yote chini ya spea.
Na mshono wa bati, ambao kulia
umepigwa vitone sawasawa kama shanga za kiunoni,
kushoto umechomelewa na mkono uliotetemeka
ukapakwa rangi juu yake, tena na tena, kwa hofu.

"Msabila, gari hili liligongwa."
"Puti kidogo tu, Kapela. Nani hana puti?"

Hapo nikanyamaza vibaya.

Maana niliona kabati.
Mwaka wa mvua nyingi, mbao mbichi kutoka Kaliua,
mlango ulipasuka usiku, kesho yake nakabidhi.
Nikachanganya unga wa msumeno na gundi,
nikashindilia, msasa, vanishi mara mbili,
nikampelekea Bi Nyanzala, nesi wa Kitete.
Akapitisha kidole pale pale.
"Laini kama maji," akasema,
akahesabu noti zote, akaongeza ya soda.

Msabila alidhani ukimya wangu ni wa bei.
Akapunguza laki mbili.
Nikaendelea kukitazama kile kiungo.
Akapunguza nyingine, akaniapia kwa mama yake,
akawasha injini, nayo ikaitika vizuri kabisa,
sina la kuisingizia.
Nikamwambia nitarudi Jumatatu.
Sote wawili tuliijua Jumatatu hiyo.

Nikashika njia kwa miguu.
Mfukoni funguo zimeing'ang'ania sumaku,
kila hatua zinanigonga pajani.
Nikapita nyumba ya Bi Nyanzala, taa inawaka.
Sumaku haishiki mbao, nikajiambia,
na neno hilo likanitosha
hatua kama kumi hivi,
kumi na mbili.

Nikarudi, nikasimama langoni, nikajikuna mguu.
Mbwa akabweka.
"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka ndani,
na mlango nilioutengeneza mimi, nikausikia,
ukafunguka: kacha.